Jongoo Katika Timbo: Matembezi Yetu Katika Shamba la Bamburi

Likizo yetu ya mwisho Mombasa ilikuwa na shughuli moja kubwa, nayo ni kuangalia nyumba. Wengi wenu mnaijua shughuli hii. Mtu anakaa Uingereza au Maskati miaka nenda miaka rudi, kila mwezi anatuma chochote kwa ndugu, naye ndugu anampigia simu kumwambia kuta zimefika kwenye linta, au fundi anataka mifuko arubaini zaidi ya saruji kabla ya kumwaga slebu. Siku moja unapanda ndege kwenda kuona kwa macho yako kile ambacho umekuwa ukikijenga kwa simu.

Basi tulikwenda, na ami yetu akatufuata. Ami ni mzee aliyepindukia miaka themanini, na ujanani aliendesha malori ya mawe kwenye machimbo ya Bamburi. Alisimama mbele ya ile nyumba, akaigonga ukuta kwa fimbo yake, kisha akatuuliza, "Haya mnayajua yametoka wapi?" Tukasema, dukani. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kesho yake atatupeleka kutuonyesha shimo lilipotoka nyumba yetu.

Ndivyo tulivyojikuta, sisi na watoto wetu waliozaliwa ughaibuni, mlangoni pa mahali ambapo hii leo panaitwa Haller Park. Wengi wetu tulipajua tangu zamani. Tuliosoma Mombasa miaka ya themanini tulipelekwa pale kwa basi la shule, tukaona mamba, tukala maandazi yetu chini ya miti, tukarudi. Kwetu lilikuwa shamba la wanyama tu. Hakuna aliyetwambia, au pengine tuliambiwa tukawa hatusikilizi, kwamba tulikuwa tumesimama ndani ya timbo.

Tuanze na lile jawe lenyewe. Mwambao wetu umekaa juu ya matumbawe. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa, na pale penye barabara ya Malindi na vitongoji vya Bamburi palikuwa na mwamba hai wa baharini. Maji yalipopungua, ule mwamba ulibaki nchi kavu ukawa jiwe. Wazee wetu walilijua jiwe hilo vizuri sana. Walilikata wakajengea misikiti, makaburi na majumba ya Gede na Lamu. Wakalichoma juu ya rundo la magogo hata likawa chokaa, wakapigia lipu. Wareno nao walipoijenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593 waliisimamisha juu ya jiwe hilo hilo. Kwa hivyo mtu asidhani kuchimba mwambao ni jambo lililoletwa na kiwanda. Kila nyumba ya mawe ya Waswahili ina shimo lake mahali fulani, na kila tanuri la chokaa lilikula msitu wake. Ila mashimo ya wazee yalikuwa madogo, na magugu yaliyafunika kabla wajukuu hawajayaona.

Saruji ilileta shimo la aina nyingine. Kampuni ya saruji ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951 na Felix Mandl, aliyetokea katika biashara ya saruji ya Uswisi, na kiwanda kikaanza kutoa saruji mwaka 1954. Hizo zilikuwa zama za ujenzi wa mabandari, barabara, mabwawa na maofisi, na baada ya uhuru ikaja haja ya shule na hospitali. Mawe yakabebwa mchana na usiku. Udongo wa juu uliondolewa pamoja na vichaka vyake, kisha jiwe likachimbwa mpaka karibu na maji ya chini, maji yenye chumvi kwa kuwa bahari haiko mbali. Yalipomalizika machimbo ya sehemu moja mashine zilisogea mbele, zikaacha nyuma sakafu ya mawe meupe, tupu, isiyo na hata kiganja cha udongo.

Ami anaikumbuka sakafu hiyo. Anasema mchana wa Februari ulikuwa huwezi kuitazama bila ya kukunja macho, na joto lilikujia kutoka chini kuliko kutoka juu. Ndege alikuwa hatui. "Tulikuwa tukipita tu," alisema. "Hakuna aliyefikiri kwamba pale pangekuwa mahali tena."

Hapo ndipo anapoingia René Haller. Alikuwa Mswisi, fundi wa bustani na kilimo cha nchi za joto, aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya kahawa Tanganyika kabla ya kuajiriwa Bamburi mwaka 1959 kusimamia bustani na kilimo cha kampuni. Kuanzia mwaka 1971 alikabidhiwa kazi ya kuyatengeneza machimbo yaliyoachwa. Alijaribu miche ya aina 26 za miti katika ile sakafu ya mawe. Ami alikuwa akimwona, na hafichi kuwa yeye na wenzake walicheka. Mzungu anapanda miti juu ya jiwe, atavuna nini?

Na kweli, karibu yote ilikufa. Katika aina 26 zilisalimika tatu. Mmoja ulikuwa mnazi, ambao hatuna haja ya kuujulisha kwa mtu. Wa pili ni mti ambao wasomaji wetu wa Ghuba wanapita chini yake kila siku: ni damas, mti wenye asili ya Somalia na pande zile, ambao siku hizi umejaa kandokando ya barabara za miji ya Ghuba kwa sababu haujali jua wala chumvi. Wa tatu ni mvinje.

Mvinje tunaujua sote. Ndio ule mti wa ufukweni wenye majani kama nyuzi, unaovuma hata upepo ukiwa mdogo, na wenye vikonokono vya mbegu ambavyo ukivikanyaga pekupeku unaruka. Wataalamu wanasema asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki, lakini kwa namna ulivyozoeana na pwani yetu ni vigumu kumwambia mzee wa pwani kuwa ni mgeni. Siri yake iko mizizini. Mna vinundu vidogo ambamo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuulisha mti. Kwa hiyo mahali ambapo mti mwingine ungekufa kwa njaa, mvinje unajipatia chakula kutoka hewani. Juu ya jiwe la Bamburi ulikua kwa kasi, na baada ya miaka michache timbo likawa na kivuli.

Lakini kivuli si msitu. Majani ya mvinje yalianguka chini yakalala pale pale. Yana tanini, kitu kinachoyazuia yasioze haraka, na katika sakafu ile isiyo na wadudu hapakuwa na wa kuyatafuna. Yakarundikana makavu, safu juu ya safu. Miti ilikuwa hai, lakini chini yake hapakuwa na kitu kinachozaliwa. Lau mambo yangeishia hapo, Bamburi ingekuwa na shamba la nguzo tu, na siku ile miti ingekatwa, ile sakafu nyeupe ingerudi kama zamani.

Aliyefungua kifundo hicho alikuwa ni jongoo. Haller aliona kuwa jongoo mwenye miguu myekundu, yule yule tuliyekuwa tukimchokoa kwa kijiti utotoni ili ajikunje kama kifungo, anaweza kuyala majani ya mvinje. Wakaletwa mamia. Jongoo akala jani, akatoa kinyesi, na katika kinyesi kile bakteria wakapata mahali pa kufanyia kazi. Polepole ikapatikana mboji. Ndani ya mboji miti mingine iliweza kushika, mingine ikapandwa, na mingine ikaletwa na ndege ambao sasa walikuwa na mahali pa kutua. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa haba hiyo ilipimwa kwa tumbo la jongoo.

Tunataka wasomaji waelewe kwamba hili halikuwa pambo la kampuni tu. Lilikuwa shamba la kazi, na jina lake likawa Baobab Farm, yaani shamba la mbuyu. Mwanzo kabisa wa kazi hii yalichimbwa mabwawa wakafugwa tilapia, wale ambao wengine tunawaita perege na wengine ngege. Maji ya mabwawa yenye uchafu wa samaki yalikuwa mbolea kwa mimea. Mabaki ya samaki yakawa chakula cha mamba, na mamba wenyewe wakawa mali. Mvinje iliyokomaa ilikatwa ikauzwa nguzo, na mingine ikapandwa. Wakafugwa pofu na choroa, wanyama wa porini ambao wanavumilia kiu na magonjwa yanayomshinda ng'ombe wa kigeni. Kila kitu kilitakiwa kimlishe mwenzake na, ikiwezekana, kilete fedha. Hata kiboko yatima aliyeitwa Sally alikuwa na kazi yake, kwani kiboko anarutubisha bwawa kila anapojisaidia. Watoto wetu walipoambiwa hivyo walicheka kuliko walivyocheka kwa jambo lolote jingine siku ile.

Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa wageni. Mwaka 1987 Haller alitambuliwa na Umoja wa Mataifa kwa tuzo ya mazingira ya Global 500, na mwaka 1999 sehemu ile ya wageni ikapewa jina lake. Kisha ikaja Desemba 2004. Baada ya ile tsunami ya Bahari ya Hindi, mtoto wa kiboko aliyepotezana na kundi lake aliokolewa karibu na Malindi akaletwa pale. Akaitwa Owen, na akamfanya kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee kuwa ndiye mzazi wake. Hadithi hiyo ilizunguka ulimwengu. Wengi wetu tuliwasomea watoto kitabu chake kwa Kiingereza, katika maktaba za ugenini, tukawaambia kwa fahari: hapa ni kwetu.

Ni kweli ni kwetu, ila fahari ina upande wake wa pili, na upande huo ndio uliotufanya tuandike makala haya. Tulipokuwa tukitembea chini ya miti, mtoto mmoja, ambaye shuleni kwake London wanafundishwa mambo haya kila wiki, aliuliza swali ambalo sisi wakubwa hatukuwa tumejiuliza. "Kama mtu anaweza kulirudisha, basi si wanaweza kuchimba popote?"

Tukakosa jibu la haraka. Ami ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa maneno. Alituonyesha pembeni mwa njia mahali ambapo jiwe bado linaonekana, ukuta mweupe wa timbo uliosimama wima, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa. Akanyoosha fimbo hadi ukingo wa juu kabisa. Akasema, "Nchi ilikuwa pale. Sisi tuko chini. Huu msitu hauko mahali pake, uko ndani ya shimo."

Tumelifikiri neno hilo tangu siku ile. Ndugu zetu Wamijikenda wana misitu yao ya kaya, ambayo mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kaya haikupandwa na mtu. Ilihifadhiwa kwa mwiko: hapa hukati, hapa huingii ila kwa ruhusa ya wazee. Mle mna miti ambayo hakuna mvinje wala jongoo atakayeitengeneza kwa miaka hamsini, kwa sababu inahitaji udongo, wadudu, kivuli na ujirani uliojijenga kwa karne nyingi. Msitu wa Bamburi na msitu wa kaya si kitu kimoja, na aliyeona kimoja asiseme ameona vyote viwili. Wa kaya unatuonyesha thamani ya kutogusa. Wa Bamburi unatuonyesha jinsi ilivyo ghali kutengeneza kilichokwisha kuguswa. Miaka mingi, mtu wa elimu, vibarua wasiotajwa katika kibao chochote, kampuni yenye fedha, na bado wanapata msitu ulio chini ya pale ulipokuwa.

Wala hatusemi hivi kuidharau kazi ile. Ukiona vyaelea vimeundwa, na tumeona machimbo mangapi, kwetu na huku tuliko, ambayo hakuna aliyejisumbua hata kuyafukia? Tunasema kwa sababu mteja wa lile shimo ni sisi. Katika miaka hii sisi tulio nje tumejenga sana. Nenda Kisauni, nenda Mtwapa, nenda mpaka Kilifi, utaona nyumba za ndugu zetu walioko Uarabuni, Ulaya na Marekani. Kila mfuko wa saruji ulikuwa jiwe, na jiwe lilitoka mahali. Umiliki wa kampuni nao umebadilika mara kadhaa. Desemba 2024 ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania, kwa hivyo hata ile kauli yetu ya zamani kwamba haya ni mambo ya Wazungu haina nguvu tena. Machimbo ni yetu, saruji ni yetu, nyumba ni zetu. Shimo nalo, basi, ni la nani?

Na hapa pana jambo ambalo lilitufurahisha. Siku iliyofuata tulirudi kwenye nyumba. Slebu ya ghorofa ya kwanza ilikuwa imemwagwa wiki iliyopita, na chini yake, kutoka ukuta hadi ukuta, zilisimama nguzo nyembamba zilizoishikilia zege mpaka ikauke. Tukamwuliza fundi ni mti gani. Akatutazama kama watu walioulizwa maji ni nini. "Mvinje, bwana. Kuna mti mwingine?"

Akatueleza kuwa anazinunua kwa wakulima wa Kilifi, watu wenye mashamba madogo ambao hupanda mvinje kama wengine wanavyopanda mahindi, wakaukata baada ya miaka michache na kupanda tena. Zamani kazi za ujenzi wa pwani zilifanywa na boriti za mikoko. Wenzetu wa Oman wanazijua: boriti kutoka Lamu na Rufiji zilipakiwa majahazini zikapelekwa Maskati, Suri na bandari nyingine za Ghuba, na vyumba vya nyumba za kale, kule na huku, vilikuwa na upana mmoja kwa kuwa boriti ndiyo iliyoamua. Mikoko ile ilikatwa mpaka ikapungua. Sasa kila nguzo ya mvinje inayotoka katika shamba la mkulima ni mkoko mmoja uliobaki ufukweni ukilea kaa na samaki. Yule mkulima wa Kilifi hana kibao wala tuzo, lakini anafanya kwa ekari mbili kile ambacho shamba la Bamburi limefanya kwa mamia ya ekari. Anakula kutokana na mti, na mti unaendelea kuwapo.

Tukaona basi kuwa ndani ya nyumba yetu moja mna hadithi zote mbili. Zege juu, jiwe lililotolewa na lisilorudi. Mvinje chini, mti unaokatwa ukarudi. Tulikuwa tumelipia vyote viwili bila ya kujua.

Tulishauriana jioni ile barazani kwa ami. Hatukuamua kuacha kujenga. Nani atakubali kuacha? Lakini tuliamua mambo mawili madogo, nasi tunawaeleza wasomaji ili kila mmoja apime mwenyewe. La kwanza, ile ghorofa ya pili ambayo tulikuwa tunaitaka kwa ajili ya macho ya watu, na si kwa ajili ya kulala mtu, hatutaijenga. Ndugu yetu anayesimamia ujenzi hakufurahi, na mpaka leo anatuandikia kutukumbusha kuwa nyumba ya jirani ina tatu. La pili, lile eneo la nyuma ambalo fundi alitaka kulisakafia lote, tumeacha lipandwe miti: mkwaju, mwarobaini, minazi miwili, na safu ya mvinje upande wa upepo.

Ama kuhusu Bamburi, tunawashauri wale watakaokwenda likizo wapeleke watoto. Wawalishe twiga, wawatazame mamba, hayo ndiyo yatakayowavuta. Lakini kabla ya kutoka wawaonyeshe ukuta wa timbo, wawaambie nchi ilikuwa wapi.

Sisi tulipokuwa tunatoka, ami alisimama ghafla. Akainama kwa taabu, akashikilia bega la mjukuu mmoja, akatia kidole chake cha shahada katika udongo mweusi chini ya mvinje. Kikazama hadi fundo la pili. Akakitoa, akakitazama muda, kisha akampa yule mtoto anuse. "Hapa," alisema, "palikuwa hapana hata cha kunusa." Jongoo mmoja mwenye miguu myekundu alikuwa akikatiza njia, na mtoto akarudi nyuma kwa hofu. Ami akamzuia kwa mkono, tukasimama sote kumngoja jongoo apite.